Je, wajua kwa nini kununua kompyuta kipande kimoja kila mwezi kunaweza kukutia hasara?

Vijana hapa Lamu wananiuliza sana hili, eti kaka nataka kujiungia kompyuta yangu ya kwanza, mwezi huu nanunua mazabodi, ile bodi kuu inayobeba vipuri vyote, mwezi ujao prosesa, ubongo wa mashine, pole pole hivyo hivyo mpaka itimie, si sawa? Haba na haba hujaza kibaba kweli, lakini hicho kibaba kijaze pesa bwana, usikijaze vipuri.

Kisa ni waranti. Inaanza kuhesabiwa siku uliyolipa, si siku uliyowasha mashine, na mazabodi peke yake huijaribu vipi? Yataka prosesa, ramu (memori ya kufanyia kazi) na pawa saplai ya kuigawia umeme ndo iseme kitu. Mimi yalinikuta, niliagiza yangu Nairobi nikaiweka chini ya kitanda miezi saba nikisubiri vyenzake, siku ya kuunga nabonyeza swichi, kimya, hata feni haizunguki. Kupiga simu dukani naambiwa muda umekwisha zamani, tena eti ni chumvi ya bahari imeila, mimi nasema ilikuja imekufa, na hatujaelewana hadi leo.

Halafu bei hazitulii. Vipuri vinatoka nje kwa hiyo vinafuata dola, na dola Januari 2024 ilikuwa kama shilingi 160, mwaka haujaisha ishashuka karibu 130. Kadi za grafiki, zile za kuchora picha za skrini, nazo 2021 zilikuwa hazishikiki kwa sababu ya wachimbaji wa sarafu za kidijitali waliozigombania, Septemba 2022 Ethereum, mojawapo ya sarafu hizo, ikaacha kuchimbwa kwa kadi, basi za mitumba zikamwagika sokoni. Aliyeinunua mapema akaifungia kabatini alilipia hewa. Ila usidhani kusubiri ni faida kila mara, mwisho wa 2025 ramu zilipanda vibaya kwa vile viwanda vimegeukia memori za mashine za AI, kwa hiyo pesa ikitimia nunua, usikae kuvizia ofa ya Novemba.

Na kuna mitego ya kutoingiliana. Prosesa za kampuni ya AMD za soketi (tundu la prosesa kwenye mazabodi) ya AM4, iliyotoka 2016, hazikai kwenye AM5 ya 2022, na ramu ya kizazi cha DDR4 haiingii tundu la DDR5 hata ubembeleze. Ukinunua kwa vipindi virefu, ni rahisi kujichanganya.

Sasa ufanyeje? Tia kwenye kibubu. Kama mikono inawasha, anza na skrini, kibodi na mausi, hivyo wavijaribu siku hiyo hiyo kwa laptopu ya jirani. Mazabodi, prosesa, ramu, SSD ya kuhifadhia mafaili, pawa saplai na kesi ya kufungia vyote vije pamoja, uviunge wiki hiyo hiyo waranti ikiwa bado mbichi. Chukua prosesa yenye grafiki ndani (za Intel zenye herufi F mwishoni hazina, angalia sana) upate kuitumia tangu siku ya kwanza, kadi itafuata ukijaliwa. Pawa saplai usibane, stima yetu hii unaijua.

Bajeti nayo iachie nauli, maana mzigo ni basi mpaka Mokowe, kisha boti, kisha vichochoroni ni hamali au punda. Boksi la kesi mpe punda, prosesa ishike mwenyewe.