Maumivu ya misuli na viungo yatokanayo na kazi: maana yake

Tuelewane mapema: misuli ninayoisema hapa ni ile ya mwilini, si ile tunayojifunga tukitoka kazini.

Haya ni madhara yanayoupata mgongo, mabega, magoti au vifundo vya mikono kwa namna kazi yenyewe inavyofanywa. Mara nyingi hakuna ajali ya kuoneshwa. Msuli na kano huumia kidogo kidogo, usiku zikaanza kupona, asubuhi zikavutwa tena kabla hazijakaa sawa. Siku moja mtu anaamka, kiuno kimekataa. Nyumbani wataita baridi yabisi.

Chukua kazi ijulikanayo sana Pemba, kupika mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu. Makonyo hujazwa kwenye pipa, yakapikwa kwa mvuke, kisha makapi yakatolewa. Anayeinama na kujipinda, mzigo kaushika mbali na kifua, kiuno chake hubeba zaidi ya uzito wa mzigo. Jaribu kuinua ndoo kwa ncha ya upondo: ukiushika mbali na ndoo, maji ni yale yale lakini mkono unatetemeka.

NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, huanzia hesabu yake ya uzito wa kuinua kwenye kilo 23, tena pale mazingira yote yakiwa mazuri. Gunia la kilo 50 kwenye bega la hamali mmoja limepita hapo zaidi ya mara mbili.

Kwa hiyo kinga huanzia kwenye kazi kabla ya mfanyakazi. Toroli badala ya bega. Gunia lijazwe nusu. Anayechambua karafuu apewe meza ya usawa wa kiuno, asikae kitako sakafuni kutwa nzima. Watu wapokezane kazi nzito na nyepesi, wapate na mapumziko mafupi. Zanzibar tuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini, Namba 8 ya 2005, kwa hiyo toroli si hisani ya bosi.

Mkanda wa kiuno? Wengi huupenda, ila haujathibitika kumkinga mtu mzima wa afya. Kuchuliwa kwa mafuta ya karafuu kunapoza, sikatai, lakini kesho gunia ni lile lile. Na ganzi ya vidole inayomwamsha mtu usiku, au maumivu yanayoshuka mguuni, hayo si ya kuchua, aende hospitali.