Kuki haiko virusi, angalia nani ameiweka

Wiki hii tena nimekuta, ku kibanda cha mtengenezaji wa telefone mu komini ya Kenya hapa Lubumbashi, mama mmoja anaambiwa telefone yake inachelewa juu "kuki zimeingia, ni virusi zile", alipe feza zitolewe. Alilipa. Nasikia hiyo maneno kila fasi sasa, kwa wanafunzi, kwa wauza mega, ata kwa watu wenye kusoma sana, na inaniuma kweli juu mtu akishaogopa kitu hakimuumizi, kile kinamuumiza anakipita bila kukiangalia.

Kuki ni maandishi mafupi, mstari wa herufi na namba tu, tovuti inaomba navigateri yako (Chrome, Firefox, Opera, ile unatumia) iyaweke, na kila ukirudi ku ile tovuti navigateri inayarudisha vilevile. Basi. Haiko programu, haiwezi kujiwasha, haifungui foto zako, haisomi mesaji zako za WhatsApp. Moja inaishiaka ku kilobaiti 4 hivi, kwa hiyo na ile ya kusema zinajaza telefone ama zinakula mega tuiache tu.

Aliyeitengeneza ni Lou Montulli, alikuwa injinia wa Netscape, kampuni ya navigateri kule Marekani, mwaka 1994. Shida yenyewe ilikuwa kwamba intaneti haina kumbukumbu: unafungua ukurasa, seva (ile mashine inaweka tovuti) inakupa, inakusahau. Ukichagua kiatu ukaenda ukurasa wa pili kuchagua suruali, kile kiatu hakiko tena. Kuna mteja wa Netscape alitaka kuuza vitu ku intaneti na hakutaka kuweka mu mashine zake manunuzi ya watu wenye hawajamaliza kununua, njo Montulli akafikiria kumpa mgeni mwenyewe alama akae nayo. Ni sawa ile jetoni wanakupa ku mlango wa magazini ukiacha mfuko: jetoni ina namba tu, vitu vyako viko nyuma kwa mlinzi. Jina lako, ulichonunua, ulichosoma, vyote vinabaki ku seva ya ile tovuti, kuki inabeba namba.

Na juu ni namba, mwenye kuileta anahesabiwa kuwa ni wewe. Hapo kuna hatari ya kweli, na haina uhusiano na virusi. Mtu anaingia Facebook ku sibere, anamaliza, anafunga dirisha kwa kale kamsalaba ka juu, analipa, anaenda. Mwenye kukaa nyuma yake anaandika facebook.com na anajikuta ndani ya konti ya mwenzake, anaweza kuandikia jamaa zake eti "nitumie kidogo ku M-Pesa niko na shida". Neno la siri halikuibwa ata kidogo. Ni kuki ilibaki ku ile mashine, juu kufunga dirisha na kufanya "Déconnexion" ni mambo mbili mbalimbali. Ukifanya déconnexion, seva inafuta ile namba ku upande wake, na kuki ikibaki haifungui tena kitu.

Sasa tufike ku ile tofauti yenyewe, juu karibu kila mtu anaichanganya.

Ukifungua tovuti ya habari, tuseme unataka matokeo ya Mazembe, unafikiri uko unaongea na ile tovuti moja. Kumbe ule ukurasa umeshonwa na vipande vya kutoka fasi mingi. Maandishi yametoka kwao, lakini lile tangazo la pembeni limetoka ku seva ya kampuni ya matangazo, kale kabutoni ka "J'aime" kalikuwa kanatoka kwa Facebook, na kunaweza kuwa kapicha ka nukta moja huwezi kukaona na macho, kamewekwa pale ili kampuni ingine ijue ukurasa umefunguliwa. Kila kipande navigateri inaenda kukiomba kwa mwenyewe, na ikienda kuomba, yule naye anaweza kuweka kuki yake. Ile ya tovuti yenyewe tuiite kuki ya tovuti. Ile ya hao wengine njo kuki ya mtu wa tatu, Wafaransa wanaiita "cookie tiers".

Angalia vile inafanya kazi. Asubuhi unasoma mpira, ile kampuni ya matangazo inakupa namba. Saa sita unatafuta kazi ya shofa ku kampuni ya migodi ya Kolwezi, ni tovuti ingine kabisa, lakini tangazo limetoka kwa kampuni ileile, navigateri inarudisha ile namba na inasema na ukurasa gani umeomba. Usiku unasoma juu ya dawa ya ugonjwa fulani, na pale pia namba ni ileile. Hizo tovuti tatu hazijuani. Ile kampuni ya katikati njo inajua kwamba huyu mtu wa namba fulani anapenda mpira, anatafuta kazi, na ako na ugonjwa ama ako na mtu mgonjwa nyumbani. Jina yako haina bado, lakini siku utaandika imeili mahali, ama kama ile kampuni ya katikati ni Facebook yenyewe na uko umeingia mu navigateri ileile, jina inapatikana. Ukifungua orodha ya kuki za Facebook ku ordinatere utaona moja inaitwa c_user, mbele yake kuna namba ndefu, ile njo namba ya konti yako kabisa.

Watu wa teknolojia waliona hiyo hatari mapema. Februari 1997 kikundi kinachoandika kanuni za intaneti, IETF, kilisema mu kanuni RFC 2109 kwamba navigateri zisikubali hivi hivi kuki za mtu wa tatu mpaka mwenye kutumia aruhusu. Watengenezaji wa navigateri hawakuifuata, na matangazo yakajengwa juu ya ile mlango wazi. DoubleClick, moja ya kampuni kubwa za hiyo kazi, Google iliinunua kwa dola bilioni 3.1, ikamaliza mu 2008.

Kwa hiyo ile bango ya "Tout accepter" inakurukia, haiulizi kama unakubali virusi, na mara mingi haiulizi ata juu ya kuki za lazima, za kapu ya manunuzi ama za kukaa umeingia, zile sheria ya Ulaya inaziruhusu bila kuuliza. Inauliza zaidi juu ya zile za kukufuata. Inatoka ku sheria za Ulaya, ya 2002 yenye ilikazwa mu 2009, halafu ile GDPR, sheria ya kulinda data ya watu, ya Mei 2018. Ukigusa "Tout refuser" mara mingi tovuti itafunguka tu, usiogope. Na kama hawajaweka ile butoni ya kukataa wazi ujue ni mbinu. Ufaransa CNIL, ile ofisi yao ya kulinda data ya watu, iliadhibu Google euro milioni 150 na Facebook euro milioni 60, ikatangaza mwanzo wa 2022, juu walifanya kukataa kuwe kugumu kuliko kukubali.

Na ngoja niseme kitu kimoja kinanikera kuliko vyote. Google yenyewe inaandika kwamba kuki yake ya matangazo inayoitwa IDE inadumu miezi 13 kwa mtu wa Ulaya, na miezi 24 fasi zingine zote. Kuki ni moja, kampuni ni moja, lakini binamu yako wa Bruxelles inamwachia mapema na wewe wa Katuba hapa Lubumbashi inakushika karibu mara mbili. Sisi pia tuko na sheria, Code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023, na ndani kuna sehemu nzima juu ya kulinda data ya mtu. Inafaa tuanze kuitaja, wanasheria wetu na waandishi wa habari, juu sheria yenye hakuna mtu anaitaja hakuna mtu ataiogopa.

Safari, ile navigateri ya iPhone, imefunga kuki zote za mtu wa tatu tangu Machi 2020. Firefox ilianza 2019 kuzuia zile zinajulikana kwa kufuata watu. Chrome iliahidi Januari 2020 kwamba itaziondoa, ikasogeza, ikasogeza tena, Julai 2024 ikaacha ule mpango. Na hapa kwetu wengi wako na Android na Chrome, kwa hiyo ni wewe mwenyewe uingie mu Paramètres, halafu Confidentialité et sécurité, halafu Cookies tiers, uzifunge. Haichukui ata dakika, na haina kulipa mtu. Ndani ya apu zenyewe mambo ni mengine, kule wanatumia namba ya matangazo ya telefone, tutaiongelea siku ingine.

Ingine nasikia sana kwa vijana: "mi naingiaka mu navigation privée, hakuna mtu ananiona." Hapana, leki. Ile inafuta kuki na historia ku telefone yako ukishafunga, ili dada yako asione. Tovuti inaendelea kuona anwani yako ya IP (namba yenye unatambulikana nayo ku intaneti), kampuni ya simu inaona tovuti gani umeenda, na ukiingia Facebook humo ndani Facebook inakujua sawa kawaida. Marekani watu walishtaki Google mu 2020 juu ya hiyo hiyo, na mu 2024 Google ikakubali kuharibu data mingi iliyokusanya watu wakiwa humo. Kwa hiyo sema tu "haibakishi kitu ku telefone", hapo utakuwa umesema ile inafanya.