Je, wajua kwa nini iodini yenye mionzi huichoma tezi ya shingoni na kuuacha mwili uliobaki?

Mgonjwa ambaye tezi yake ya thairoidi inafanya kazi kupita kiasi, au aliyepasuliwa kuondolewa tezi hiyo kwa sababu ya saratani, anaweza kupewa iodini yenye mionzi. Mara nyingi huwa ni kidonge kimoja tu, anakimeza kwa maji. Mionzi mingi huishia kwenye tezi hiyo, au kwenye mabaki yake, chini ya kikoromeo, huku moyo, ini na mapafu vikipata kidogo sana. Kidonge kimejuaje njia?

Jibu linalosikika sana ni kwamba mionzi hutafuta ugonjwa: inazifuata seli mbovu na kuziruka nzima. Si kweli, na inafaa tuseme wazi kwa nini, maana kosa hili huwafanya wagonjwa waogope wasichopaswa kuogopa na wapuuze wanachopaswa kukizingatia. Mionzi haichagui. Seli iliyo karibu nayo huumia, iwe nzima au mbovu. Iodini nayo haina namna ya kuitambua saratani. Anayechagua ni tezi yenyewe. Inahitaji iodini, ambayo wengi tunaiita madini joto, ili itengeneze homoni zake, na hakuna kiungo kingine kinachoihitaji kwa kiasi hicho. Madini joto ya kwenye chumvi ya jikoni hupita njia hiyohiyo kila siku.

Kwenye utando wa seli za tezi, upande unaopakana na damu, kuna protini ambayo kazi yake ni kuingiza iodini. Inaiingiza pamoja na sodiamu, chembe mbili za sodiamu kwa moja ya iodini. Sodiamu ni nyingi nje ya seli kuliko ndani, na msukumo wake wa kutaka kuingia ndio unaoivuta iodini. Kwa njia hii tezi huweza kulimbikiza iodini mara 20 hadi 40 ya kiwango kilichomo kwenye damu.

Protini hiyo ni kama karani wa ghala anayepokea marobota ya pamba kwa kutazama ukubwa na mhuri wa nje. Vikilingana, robota linapita. Hafungui kuangalia ndani. Iodini ya kawaida ina protoni 53 na nyutroni 74. Iodini 131, ile yenye mionzi, ina protoni zilezile 53, lakini nyutroni 78. Nyutroni nne zilizozidi zimejificha katikati kabisa ya atomu, ilhali ukubwa na chaji anavyovikagua karani hutokana na elektroni za nje, ambazo hazijabadilika. Basi robota lenye kaa la moto ndani linapokelewa, linapangwa katikati ya mengine, na moto unaanzia humo humo.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba karani huyu hupitisha hata bidhaa isiyo iodini kabisa. Teknetiamu, metali yenye mionzi, ikiungana na oksijeni huwa na ukubwa na chaji vinavyokaribiana na vya iodini, kwa hiyo nayo huingia. Haiwezi kutumika kutengeneza homoni, hivyo haikai sana. Lakini kwa kupiga picha ya tezi inatosha, na mionzi yake hupungua kwa nusu kila baada ya saa 6.

Iodini 131 hupungua kwa nusu kila baada ya siku 8, nayo hutoa mionzi ya aina mbili. Beta husafiri milimita moja au mbili tu ndani ya mwili, ikiua seli za tezi na zilizopakana nazo. Gama hupenya hadi nje, na kamera huinasa na kuonyesha iodini imetua wapi. Daktari Saul Hertz wa Boston aliuliza mwaka 1936 kama iodini inaweza kufanywa iwe na mionzi. Machi 1941 alimtibu mgonjwa wa kwanza.

Ukishajua kwamba mchaguzi ni tezi, masharti ya hospitali yanaeleweka. Kabla ya tiba ya saratani, mgonjwa huambiwa aache chumvi yenye madini joto na vyakula vya baharini kwa wiki moja au mbili, ili ghala liwe tupu. Baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl mwaka 1986, Poland ilifanya kinyume: iliwapa watoto zaidi ya milioni 10 iodini ya kawaida, ili tezi zao zijae na iodini 131 iliyokuwa hewani na kwenye maziwa ikose nafasi. Protini hiyohiyo ipo pia kwenye tezi za mate, ndiyo maana wengine hubaki na ukavu wa mdomo, na kwenye matiti ya mama anayenyonyesha, ndiyo maana lazima aache kumnyonyesha mtoto huyo kabla ya tiba. Mjamzito hapewi kabisa. Iodini isiyochukuliwa na tezi hutoka kwa mkojo, nyingi yake katika siku mbili za mwanzo. Kwa hiyo mgonjwa hulala peke yake na kukaa mbali na watoto na wajawazito kwa siku alizopangiwa. Hatakuwa na mionzi maisha yake yote.

Lakini zipo saratani za thairoidi ambazo seli zake huacha kuitengeneza protini hiyo. Hapo iodini 131 hupita bila kunaswa, hata kipimo kikiongezwa. Mwaka 2013 watafiti walichapisha matokeo ya dawa ya selumetinib kwa wagonjwa 20 wa aina hiyo: 12 kati yao walianza tena kunasa iodini, na 8 walifikia kiwango cha kutibika nayo. Jaribio kubwa lililofuata, kwa wagonjwa waliokuwa wametoka kupasuliwa, halikuonyesha kwamba kuongeza dawa hiyo kunaongeza idadi ya wanaopona.