Mafunzo ya Kujizuia kwa Vijana: Karatasi ya Mahudhurio Si Tathmini

Na Afisa Ufuatiliaji na Tathmini, Tabora

Malalamiko ya wazazi na viongozi wa kata, kwamba wataalamu "wanawahoji watoto mambo ya aibu", yanahitaji maelezo. Fedha za umma zinapotumika kuwafundisha vijana kujizuia na ngono hadi ndoa, ni haki kujua kama mwenendo wao umebadilika, na jambo hilo halijulikani kwa kuhesabu waliohudhuria semina, waliogawiwa fulana au walionyoosha mikono kuapa.

Kinachotakiwa ni kulinganisha. Marekani, ambayo kwa sheria ya mwaka 1996 ilitenga dola milioni 50 kila mwaka kwa mafunzo hayo, ilifanyia tathmini programu nne: vijana zaidi ya 2,000 waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakaingizwa kwenye mafunzo na wengine wasiingizwe, kisha wote wakafuatiliwa kwa miaka kadhaa. Ripoti ya mwaka 2007 ilionyesha kuwa takriban nusu ya kila kundi hawakuwa wamewahi kufanya ngono, na walioanza walianza katika umri ule ule kwa wastani. Wanaodai kuwa mafunzo huwafanya vijana wapuuze kinga nao hawakupata ushahidi humo. Jirani zetu wa vijijini Mwanza walikuwa na mradi wa MEMA kwa Vijana, uliofundisha mengi zaidi ya kujizuia. Maarifa ya wanafunzi yaliongezeka, lakini haikuthibitika kuwa mimba au maambukizi ya VVU yalipungua.

Hojaji, yaani maswali wanayoulizwa vijana ili kupima mwenendo wao, haigawiwi kiholela. Mtafiti wa afya hupata kibali cha maadili cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), kisha barua ya Katibu Tawala wa Mkoa, kisha ya Mkurugenzi wa Halmashauri, ndipo afike kwa mtendaji wa kata na mkuu wa shule. Mzazi huridhia kwa maandishi, mtoto naye huulizwa, na jina lake haliandikwi. Mzazi akikataa, haadhibiwi. Usiri huo una mpaka: ukatili ukibainika, taarifa hupelekwa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi, na anayempa mimba mwanafunzi hukabiliwa na kifungo cha miaka 30, hata kama familia "zimeyamaliza nyumbani".

Kuhusu dhana kwamba swali humfundisha mtoto ngono, utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta asilimia 43 ya wasichana wa Tabora wenye miaka 15 hadi 19 wamekwisha kuzaa au wana mimba ya kwanza. Hao hawakungoja hojaji.

Halmashauri inayokusudia kuanza mafunzo Januari ikusanye takwimu za awali kabla ya somo la kwanza, na ipange mapema shule zitakazosubiri zamu, kwa sababu shule zote zikianza pamoja hapatakuwa na za kulinganisha nazo.