Vitamini D ikizidi, kinachoumiza ni kalsiamu

Vitamini D huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo ziada yake haitoki kirahisi na mkojo kama ya vitamini C. Hulimbikizana. Kazi yake mojawapo ni kusaidia utumbo kufyonza kalsiamu. Ikizidi mno, kalsiamu hujaa kwenye damu, na nyingine huchotwa kwenye mifupa yenyewe.

Kalsiamu hiyo huifanya figo ishindwe kubakiza maji. Mgonjwa anakojoa sana, ana kiu isiyokatika, anatapika, hapati choo, baadaye anachanganyikiwa. Kadiri anavyokaukiwa maji ndivyo figo inavyozidi kushindwa kuitoa kalsiamu. Hapo ndipo mawe ya figo, figo kufeli na mapigo ya moyo kuvurugika huingia.

Jua halisababishi haya, maana ngozi huivunja ziada yenyewe. Tatizo ni vidonge na matone, na mara nyingi ni kosa la kipimo tu. Kidonge cha yuniti 50,000 (kwenye lebo huandikwa IU) kwa kawaida huandikwa mara moja kwa wiki. Mtu anakimeza kila siku. Kwa watoto wachanga hatari ni kubwa zaidi. Dozi yao ya kawaida ni yuniti 400 kwa siku, lakini chupa moja hubeba 400 kwenye mililita nzima, nyingine kwenye tone moja. Ukijaza mililita ya hiyo ya pili, umempa zaidi ya 10,000. Soma lebo upya kila unapobadilisha chupa! Ikiwa imeandikwa maikrogramu, zidisha kwa 40 upate yuniti.

Kwa mtu mzima, kikomo cha kila siku bila usimamizi wa daktari ni yuniti 4,000, ukijumlisha na zilizomo kwenye multivitamini. Anayetumia haidroklorothiazidi (dawa ya presha) au digoksini (dawa ya moyo), au mwenye kifua kikuu au sakoidosisi (ugonjwa wa uvimbe mdogo mdogo, hasa kwenye mapafu), aulize kwanza hata kwa dozi ndogo.

Ukishuku imezidi, acha vitamini D pamoja na vidonge vya kalsiamu, kisha upimwe kalsiamu, kreatinini (huonyesha kazi ya figo) na 25-haidroksivitamini D (kiwango cha vitamini D kwenye damu). Hiyo ya mwisho ikivuka nanogramu 150 kwa mililita, tunahesabu ni sumu. Hospitalini huanzwa na dripu ya maji ya chumvi, wakati mwingine na steroidi. Kipimo cha kalsiamu hurudiwa hata baada ya nafuu, kwa sababu akiba iliyo kwenye mafuta huendelea kuvuja kwa wiki kadhaa, pengine miezi.