"Kapungua, dawa imemkubali"

Wiki hii nimeisikia tena, mara ya tatu tangu Jumatatu: "Nesi, binti yangu kapungua, naona sindano zimeanza kumkubali." Mama anatabasamu. Binti, miaka 15, anatazama sakafu.

Mwenye kisukari aina ya kwanza, ambaye mwili wake hautengenezi insulini ya kuingiza sukari kwenye seli, akikonda hivyo, swali la kwanza ni kama insulini ya sindano inaingia mwilini. Bila insulini sukari hubaki kwenye damu, figo zikaimwaga kwenye mkojo, na mwili wenye njaa ukaanza kuyeyusha mafuta na misuli. Wasichana wetu wanalijua hili kuliko wazazi. Walikonda kabla ya kugunduliwa, wakaanza sindano, kilo zikarudi. Shangazi akasema "umenawiri!", mtoto akasikia "umenenepa". Siku aliyopunguza yuniti (vipimo) chache za insulini, akaona sketi inalegea. Wali anakula sahani nzima mbele yenu, kwa hiyo nyumba nzima mnaapa kwamba hana shida yoyote ya kula.

Daftari lake la vipimo vya sukari nalijua nikilishika tu, namba nzuri mno: 6.2, 7.0, 6.8, kwa wino mmoja, limejazwa usiku wa kuamkia kliniki. Kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi 3 kinatoka asilimia 13, juu mno. Siku hizi naomba mashine yenyewe ya kupimia sukari, maana haijui kubembeleza. Na akianza kutapika, pumzi ikinuka kama tunda lililoiva kupita kiasi, usikae nyumbani ukimpa dawa ya malaria. Mlete hospitali sasa hivi. Asiyefikia kulazwa naye hajasalimika: macho na figo huharibika kimyakimya.

Nitarudia hata mkinichoka: mtu mzima aione kila sindano ikiingia, bila hotuba. Kumwachia mtoto wa miaka 12 yote peke yake eti "kashakua" ni kumtupa. Mshauri wa saikolojia naye aonwe mapema, tusisubiri mtoto alazwe mara ya tatu.

Mnaniambia: "Insulini inanenepesha." Inazuia chakula kisivuje na mkojo. Uzito ukizidi tunapanga upya dozi na sahani, haturuki sindano.

"Hayo ni mambo ya Wazungu." Ninaowaona mimi wamekulia ugali na makande. Wavulana wamo.

"Basi tumkataze wali na chapati kabisa." Mkimkataza atakula usiku jikoni, peke yake, gizani. Na hatajichoma, maana insulini ikipungua kwenye kichupa mtajua amekula.