Perlaiti: jiwe linaloumuliwa na maji yake lenyewe

Perlaiti ghafi haina mvuto. Ni kioo cha volkano, mara nyingi cha kijivu, kilichotokana na lava yenye silika nyingi (madini makuu ya mchanga) na kunyonya maji polepole baada ya kupoa. Maji hayo ni asilimia 2 hadi 5 ya uzito wake, nayo yamefungamana na kioo chenyewe. Ukilishika jiwe, ni kavu kabisa.

Kiwandani husagwa, huchekechwa, kisha chembe huingizwa ghafla kwenye tanuru lenye joto la nyuzi 850 au zaidi. Kioo kinalainika, maji yanageuka mvuke, na chembe inafura kama bisi, hata kufikia mara 10 ya ukubwa wake au zaidi. Ghafla ndilo neno la kuzingatia hapa: moto ukipanda taratibu, maji hutoroka kabla kioo hakijalainika, na chembe haifuri vizuri. Rangi nayo hugeuka nyeupe, kwa kuwa viputo hutawanya mwanga.

Ndoo ya lita 10 ya jiwe ghafi lililosagwa ina kilo 11 hivi. Ijaze perlaiti iliyofurishwa, utainua kama kilo moja tu.

Wepesi huo ni hewa iliyonaswa, na hewa iliyonaswa huzuia joto kupita. Ndiyo maana perlaiti hujazwa kati ya kuta mbili za matangi ya nitrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Haiungui wala haiozi. Kwenye vitalu vya miche, mashimo ya juu ya chembe hushika maji na nafasi kati yake hupitisha hewa kwenye mizizi; lishe haina, hivyo mbolea ni lazima. Ikisagwa tena, vigae vyake vidogo huchuja bia na sharubati.

Kwenye zege ndipo ninapowasihi watu wawe waangalifu. Kuta za viputo ni nyembamba mno, ukizibana kwa vidole zinapondeka. Zege la perlaiti linafaa kuhami paa au sakafu, lakini usilimwage kwenye nguzo wala boriti. Usilichanganye kwa muda mrefu pia, maana chembe zitavunjika na wepesi ulioununua utapotea. Na kabla ya kumimina mfuko, vaa barakoa na nyunyiza maji kidogo: vumbi lake ni laini na hukereketa mapafu.